Mwongozo kamili: jinsi ya kutengeneza pafyumu ya msimu wa joto kwa harufu ya dawa ya Nairobi, ile kokteli ya ndimu na asali

Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, shati linakushika mgongoni kabla hata hujafika kituoni, na hapo ndo oudi nzito na zile pafyumu za vanila zinapoanza kukuchosha wewe mwenyewe na kumchosha aliyebanana na wewe kwenye daladala. Kipindi hiki mtu anataka kitu chepesi, kichachu, chenye ubaridi. Na mimi nikifikiria harufu ya namna hiyo kinachonijia kwanza ni dawa, ile kokteli iliyojulikana kupitia mgahawa wa Carnivore kule Nairobi: vodka, ndimu iliyokatwa vipande, sukari, barafu, na kile kijiti kilichozungushiwa asali nzito. Ni ndugu wa caipirinha ya Brazil, ila hapa kuna vodka badala ya cachaça (pombe ya miwa), halafu ndo kuna hiyo asali.

Mojito, kokteli ya ramu na mnanaa, nayo inaburudisha na watu wengi wakitaka harufu ya kinywaji wanakimbilia huko, lakini mimi naiona dawa ni bora zaidi kwa pafyumu na sababu ni kile kijiti. Funda la kwanza ni ukali wa ndimu mtupu, meno yanashtuka. Unasokota kijiti, unakandamiza vipande vya ndimu chini ya barafu, asali inaachia kidogo kidogo, na kadri unavyoendelea ladha inageuka, ukifika chini ya glasi ni tamu na ganda la ndimu linatoa uchungu kwa mbali. Pafyumu nzuri inaenda hivyo hivyo: inafungua na kitu, inageuka, inabaki na kitu kingine. Kwa hiyo kazi yetu sio kunusa kama glasi kwa dakika 5 halafu basi, kazi yetu ni kuipanga ndimu itangulie, asali ije nyuma yake, na chini kuwe na kitu cha kuzibeba zote mbili wakati jua linawaka.

Na niseme mapema kwa wasiogusa pombe: hapa hakuna anayekunywa chochote, tunachofuata ni harufu ya ndimu, asali na ubaridi. Spiriti yenyewe kama huitaki kuna namna ya kutumia mafuta, nimeiweka huko chini.

Wazo hili wakubwa wameshalifanya. Guerlain, kampuni ya pafyumu ya Ufaransa, mwaka 2008 walitoa Guerlain Homme, mtengenezaji wao Thierry Wasser akaijenga juu ya mojito, mnanaa na ndimu na ramu. Creed, kampuni nyingine ya pafyumu, mwaka mmoja kabla walitoa Virgin Island Water, ndimu na nazi na ramu. Ukizinusa baada ya saa moja utaelewa walichofanya: chini ya kinywaji wameweka mbao, vetiva (mizizi ya nyasi yenye harufu), maski (yaani miski). Kinywaji kiko juu tu. Anayeanza anafanya kinyume, anajaza ndimu, akiona inapotea anaongeza ndimu, inapotea tena. Ndimu imejaa limoneni, molekuli ndogo nyepesi inayoruka haraka, na kwenye ngozi yenye joto inaruka haraka zaidi. Huwezi kuishinda kwa wingi, unaishika kwa kilicho chini yake.

Kwanza kabisa: ndimu na jua

Hii sehemu usiiruke hata kama una haraka. Mafuta ya ndimu yako ya aina mbili sokoni. Kuna yaliyokamuliwa kutoka kwenye ganda, na kuna yaliyotolewa kwa mvuke. Yale ya kukamuliwa yana kemikali zinazoitwa furanokumarini, bergapteni ni mojawapo, na hizi zikiwa kwenye ngozi halafu zikapigwa na jua zinaunguza. Yaani kuungua kabisa, wekundu, malengelenge, halafu doa jeusi linalokaa wiki au miezi. Hata wanaokamua ndimu kwenye vinywaji huko ufukweni juani wanapata hiyo kitu mikononi, madaktari wa ngozi wanaifahamu vizuri.

IFRA, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya manukato, limeweka kikomo cha asilimia 0.7 kwa mafuta ya ndimu ya kukamuliwa kwenye bidhaa inayobaki kwenye ngozi inayopigwa jua, na asilimia 0.4 kwa mafuta ya kawaida ya bergamoti, tunda la jamii ya ndimu. Fomula ninayokupa, ikishaongezwa spiriti, ina ndimu kama asilimia 3, kwa hiyo ukiweka ya kukamuliwa umevuka kikomo zaidi ya mara 4. Na hii ni pafyumu ya kuvaa juani! Ndo maana nunua ndimu ya mvuke, chupa iandikwe hivyo au muuzaji akupe karatasi inayosema hivyo, na bergamoti nunua ile iliyoandikwa FCF maana yake imeshaondolewa hizo furanokumarini. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa tu dada" ondoka.

Raha yenyewe ni kwamba ndimu ya mvuke ndo inayofaa kwa harufu pia. Wakati wa kuipika, tunda linapondwa na kuchemka pamoja na asidi ya juisi yake na hiyo asidi inabadilisha baadhi ya molekuli, ndo unapata ile harufu ya soda ya ndimu, ya pipi, ya kinywaji kilichochanganywa. Ya kukamuliwa inanukia ganda bichi. Sisi tunataka glasi, sio mti.

Na usije ukaweka juisi halisi ya ndimu wala asali halisi kwenye pafyumu. Juisi inaoza, asali haiyeyuki kwenye spiriti kali, inakaa chini inanata, na spreya inaziba.

Spiriti gani

Unahitaji ethanoli ya asilimia 95 au 96, au ile iliyotengenezwa maalum kwa pafyumu. Tafuta kwa wauzaji wa kemikali za maabara au wauzaji wa malighafi za vipodozi, na omba karatasi ya vipimo. Usinunue spiriti ya kwenye galoni isiyo na jina, nyingine zina methanoli ambayo ni sumu na inapenya kwenye ngozi, na nyingine zimetiwa rangi. Ile spiriti ya kusafishia vidonda mara nyingi ni kemikali nyingine au imechanganywa, na ina harufu yake ambayo haitoki.

Vodka je? Haifai, ingawa kokteli ni ya vodka. Vodka ina asilimia 40 tu ya pombe, kilichobaki ni maji, na mafuta ya ndimu hayakubaliani na maji, utapata kitu cheupe kama maziwa chenye mafuta yanayoelea juu.

Ethanoli inashika moto kirahisi sana kwenye joto letu la kawaida, mvuke wake tu unatosha. Fanya kazi mbali na jiko, mbali na mkaa, mbali na chetezo cha udi, dirisha wazi, watoto nje.

Vifaa

Mizani ya dijitali inayosoma mpaka gramu 0.01, ile ndogo ya wauza dhahabu inatosha kabisa. Dropa za plastiki nyingi, moja kwa kila kitu, usichanganye. Chupa ndogo za kioo zenye kifuniko, chupa ya spreya ya mililita 100 ya kioo cha rangi, karatasi ya chujio la kahawa, na karatasi nene nyeupe uikate vipande vyembamba vya kunusia. Daftari na kalamu. Kupima kwa matone ukiwa unaanza sikukatazi lakini tone la vetiva na tone la ndimu havilingani uzito, leo utapata kitu kizuri na kesho hutaweza kukirudia.

Malighafi, moja moja

Tangawizi. Kwenye ile dawa ya baridi ya baa haimo, ila kwenye dawa ya moto ya migahawani, ile ya kuondoa mafua, ndo inaishi humo na ndimu na asali. Nimeiingiza kwa sababu mafuta yake yana ukali mkavu unaofanana na limau, yanaifanya ndimu ionekane inachemka kwa mapovu. Kidogo tu.

Ubaridi, yaani barafu. Barafu haina harufu, kwa hiyo ubaridi unautengeneza. Wengi wanamwaga mnanaa na matokeo yake ni dawa ya meno. Mimi naegemea iliki: mafuta yake yana sineoli nyingi, ndo kitu hicho hicho kilichoko kwenye mkaratusi, inapita puani kama upepo baridi lakini inabaki kiungo cha nyumbani. Mnanaa weka uwe chini kiasi kwamba mtu hawezi kuutaja. Kuna pia dihidromirsenoli, kemikali ya bei rahisi yenye harufu ya ndimu ya chuma, ya baridi kabisa, imo kwenye pafyumu nyingi za kiume za tangu miaka ya 80. Ukitaka ubaridi wa friji weka gramu 0.10 ya ziada, ukizidisha itanukia sabuni ya kufulia.

Hedione na Iso E Super. Haya ni majina ya biashara ya kemikali mbili utakazozikuta kwenye pafyumu karibu zote za kisasa. Hedione ni asmini ya mbali, yenye hewa na maji maji, kazi yake ni kuipa nafasi ndimu ipumue na kuivuta iende mbele kidogo. Iso E Super ni mbao laini zisizo na uzito. Watu wanaziogopa kwa kuwa sio za asili, mimi naziona ndo msaada mkubwa kwa mtu anayeishi kwenye joto, maana zinakaa bila kukaba. Kwenye fomula utaona pia Galaxolide, ambayo ni maski ya maabara, na Ambroxan, yenye harufu ya ambari, zote za kule chini.

Vetiva. Mizizi ya nyasi, na Haiti ndo wanaongoza kuizalisha. Ya Haiti ni safi na ina ukavu unaofanana na ganda la balungi, ya Java ina moshi. Chukua ya Haiti. Huu ndo uchungu wa ganda kule chini ya glasi.

Mlangilangi kidogo, jirani zetu Komoro ndo wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Hapa haulengi ua, unalainisha mpito wa kutoka ndimu kwenda asali tu.

Sasa asali. Hapa tutulie kwa sababu hapa ndo pafyumu hii inapata au inakosa. Asali unaipata kwa absoluti (dondoo zito la harufu) ya nta ya nyuki, kitu kizito cha kahawia chenye harufu ya asali, majani makavu na tumbaku kwa mbali. Ukitaka kujua unachokifuata fungua chupa ya asali ya Tabora ya miombo, ile nyeusi nyeusi, inuse bila kuilamba: kuna utamu, lakini kuna pia kitu kama cha mnyama, kama jasho. Hicho kitu kinatokana na asidi ya fenilasetiki na ndugu zake, na ndo hatari yenyewe. Kikiwa kidogo unasema asali. Kikizidi, kwenye ngozi iliyotoka jasho saa nane mchana, mtu anasema mkojo. Kwa hiyo asali ya pafyumu ya joto lazima iwe nyembamba sana, isikike tu pale ndimu inapoanza kulegea.

Ukikosa absoluti au ukaona bei haisemeki, jitengenezee tincha, yaani nta iliyolowekwa kwenye spiriti mpaka itoe harufu. Nenda kwa wafuga nyuki uombe nta ghafi, ile ya manjano inayonukia mzinga, sio nyeupe iliyosafishwa. Ikwangue na kikwangulio cha karoti, gramu 20 za nta kwa gramu 100 za ethanoli, funga kwenye chupa, weka kabatini wiki 4 ukiitikisa kila ukikumbuka. Kisha iweke friji usiku kucha ili nta iliyoyeyuka igande, chuja ikiwa ya baridi hiyo hiyo. Unapata spiriti ya dhahabu hafifu yenye harufu ya mzinga, na kwenye fomula unaitumia badala ya nusu ya ethanoli. Binafsi naipenda kuliko absoluti, ina ulaini wake, na ni nyuki wa kwetu.

Fomula

Hii inatoa gramu 10 za mchanganyiko mzito, na ukishaongeza ethanoli unapata karibu chupa ya mililita 100:

Ndimu ya mvuke 2.50
Hedione 2.50
Bergamoti FCF 1.20
Iso E Super 1.20
Absoluti ya nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwa asilimia 10: 0.60
Ambroxan iliyoyeyushwa kwa asilimia 10: 0.50
Tangawizi 0.40
Vetiva ya Haiti 0.40
Galaxolide 0.30
Iliki 0.15
Mchaichai 0.10
Mlangilangi 0.10
Mnanaa 0.05

Asilimia 10 maana yake gramu 1 ya kitu na gramu 9 za ethanoli. Ambroxan inakuja kama fuwele na absoluti inakuja ngumu kama gundi, kwa hiyo weka chupa iliyofungwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, tikisa, rudia. Kamwe usiweke kwenye moto. Anayetumia tincha aache hiyo absoluti na aongeze Hedione 0.60 kujaza nafasi.

Ukiwa huna kemikali hizo na umepata mafuta ya asili tu, kuna njia ya mkato ya mililita 30, na hii naitoa kwa matone kwa sababu ni ya kujaribia: ndimu ya mvuke 40, bergamoti FCF 20, ubani 12, tangawizi 8, vetiva 8, iliki 4, mlangilangi 3, mchaichai 2, mnanaa 1. Yaweke kwenye chupa ya mililita 30 kisha jaza ethanoli. Mafuta ya ubani yana uchachu wa limau juu na resini chini, ndo yanayofanya kazi ya Hedione na Iso E Super hapa. Haitadumu kama ile ya kwanza ila harufu yake ni nzuri na ina tabia.

Kuchanganya

Weka chupa tupu juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Anza na vizito: vetiva, Galaxolide, Ambroxan, nta. Halafu Iso E Super na Hedione. Halafu viungo na mlangilangi. Ndimu na bergamoti ziwe za mwisho, maana zinaruka hata wakati chupa iko wazi. Kila ukiongeza kitu bonyeza sifuri tena, na andika kilichoingia kweli, sio ulichokusudia. Ukizidisha kitu huwezi kukitoa, kwa hiyo kama vetiva imeingia 0.44 badala ya 0.40 zidisha kila kitu kingine kwa 1.1 uendelee. Mnanaa wa 0.05 ni tone moja au mawili, shika dropa wima na usipumue juu ya mizani.

Funga, tikisa taratibu, acha siku 5 mpaka wiki moja kabatini penye giza. Siku ya kwanza itakupiga na tangawizi na hutaisikia asali kabisa, usiguse. Vitu vinahitaji kuzoeana.

Baada ya hapo chovya karatasi ya kunusia, andika saa. Nusa baada ya dakika 5, unatakiwa usikie ndimu ya soda, iliki, tangawizi kwa nyuma. Nusa dakika 20: ndimu imeshuka na asali nyembamba imeingia, hapo ndo kijiti kinasokotwa. Nusa saa 2: vetiva, mbao, maski, na uchachu uliobaki kwa mbali. Kama dakika ya 20 husikii asali ongeza ile absoluti ya asilimia 10 kidogo, gramu 0.10 kwa wakati mmoja, sio zaidi. Kama dakika ya 5 unasikia viungo vya pilau, iliki imezidi, ongeza bergamoti. Kama mwisho ni udongo, Hedione.

Na usinusie chumbani penye feni na kiyoyozi halafu uamue. Toka nje saa saba mchana na karatasi yako. Pafyumu inayopendeza kwenye nyuzi 22 inaweza kuwa kelele kwenye nyuzi 33.

Ukiridhika, ongeza gramu 70 za ethanoli kwa gramu 10 za mchanganyiko. Hiyo ni kama asilimia 12, inatosha, usivutwe kuifanya kali zaidi kwa sababu kwenye joto ngozi yenyewe inaiongeza sauti. Tikisa, rudisha kabatini wiki 3 au 4. Kisha friji siku moja au mbili, utaona mawingu au chembe chembe, ni nta kutoka kwenye absoluti, chuja kwa karatasi ya kahawa ikiwa bado ya baridi. Ikiwa na ukungu ambao hauondoki, ethanoli yako ina maji mengi kuliko ulivyoambiwa.

Kabla ya kuvaa paka kidogo ndani ya kiwiko, kaa nayo siku moja mpaka mbili, angalia kama kuna muwasho. Mafuta ya jamii ya ndimu yakizeeka yanaoksidika na ndo yanaleta mzio, utayajua yananukia tapentaini, hayo mwaga. Mapya yahifadhi friji, chupa ndogo iliyojaa ni bora kuliko kubwa iliyobaki nusu kwa sababu hewa ndo adui.

Bila spiriti

Badala ya ethanoli tumia mafuta ya jojoba au yale mafuta ya nazi yanayobaki kimiminika (fractionated). Nazi ya kupikia inaganda ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi na ina harufu yake, ingawa nakiri nazi na ndimu sio maadui. Kwenye mafuta harufu inatoka polepole na ndimu inakuwa kimya, kwa hiyo weka gramu 10 kwa gramu 50 za mafuta badala ya 70, na absoluti na Ambroxan ziyeyushe kwenye mafuta hayo hayo toka mwanzo badala ya ethanoli. Usizidishe zaidi ya hapo, viwango vya ngozi ni vile vile. Chupa ya kuzungusha ile yenye goroli inafaa, unapaka shingoni na kwenye mapigo ya mkono kama attari yoyote. Itakaa karibu na mwili, haitasambaa, na kuna watu wanaipenda hivyo hivyo hasa kwa kwenda msikitini.

Kuivaa

Ngozi iliyopakwa losheni isiyo na harufu inashika pafyumu kuliko ngozi kavu. Spreya nne tano: nyuma ya shingo, kifuani, mikono. Nyuma ya shingo ndo pazuri zaidi kwenye joto kwa sababu ukitembea upepo unaivuta. Kwenye nguo inadumu zaidi lakini vetiva na nta zina rangi, kanzu nyeupe na vitenge vya rangi hafifu jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Ukijifunga leso, spreya upande wa ndani, itakutoa mbali. Tegemea masaa matatu mpaka matano kwenye ngozi kutegemea jasho lako, na beba kichupa kidogo cha kurudia mchana. Harufu ya ndimu inayodumu masaa 12 juani sijaiona.

Chupa iweke kwenye mlango wa friji. Inatunza ndimu na isitoshe ikitoka ya baridi ikagusa shingo saa nane mchana, hapo umeipata dawa kamili na barafu yake. Usiiache kwenye gari, joto la dashibodi linaua harufu zote za juu ndani ya siku chache, unabaki na mbao na asali iliyochoka.

Ikitokea baada ya wiki zile 4 imekuwa kavu kuliko ulivyotaka, usiongeze sukari ya harufu wala vanila, ongeza mlangilangi tone moja kwenye chupa nzima, subiri wiki. Ikiwa tamu sana, tone mbili za tangawizi. Ikiwa imekosa uchachu ongeza ndimu ya mvuke gramu 0.30, hiyo inakubali bila kusubiri sana.

Na kwa wanaofikiria kuuza: kumgawia dada yako au rafiki ni jambo moja, kuweka dukani ni jingine. Tanzania vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, tangu 2019, Kenya ni KEBS, na watakutaka orodha ya malighafi na lebo inayoeleweka. Lile daftari ulilokuwa unaandika kila gramu ndo litakusaidia hapo, pamoja na karatasi ya ndimu inayothibitisha kuwa ni ya mvuke.